Tovuti ya Kuchafua Jina Haikuandikiwa Wewe

Mwanzoni mwa Septemba 2024 ilitoka habari kwenye tovuti iliyojiita KBSF, eti kituo cha televisheni cha San Francisco. Ilidai kwamba mwaka 2011 Kamala Harris, ambaye wakati habari inatoka alikuwa katikati ya kampeni za urais wa Marekani, alimgonga kwa gari binti wa miaka 13, akakimbia, na binti akabaki amepooza. Palikuwa na video ya mwanamke kwenye kiti cha magurudumu akisimulia yaliyompata. Palikuwa na picha ya kioo cha gari kilichopasuka, na picha za eksrei. Ikaingia kwenye mtandao wa X na kutazamwa na watu wasiohesabika.

Walioikagua hawakuhitaji kupanda ndege. Kituo kinachoitwa KBSF huko San Francisco hakipo. Jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa tarehe 20 Agosti 2024, chini ya wiki mbili kabla ya habari yenyewe. Picha ya kioo ilitokana na ajali ya Guam ya mwaka 2018, na eksrei zilinyofolewa kwenye majarida ya kitabibu. Kampuni ya Microsoft iliihusisha kazi hiyo na kundi la Kirusi inaloliita Storm-1516. Tovuti nayo ikazimwa haraka. Haikuwa na kazi nyingine ya kufanya duniani.

Nimeanza na Harris kwa sababu kisa chake kilikaguliwa hadharani, kipande kwa kipande. Lakini wanaoumia zaidi kwa mambo haya si wagombea urais. Mgombea ana wasemaji, mawakili, na waandishi wa habari wanaogombania kuujua ukweli. Mwalimu, daktari, mkandarasi, mtu aliyeachana vibaya na mwenza wake, akichafuliwa hakuna gazeti litakalokaa usiku kucha kuzitafuta eksrei zilikotoka. Anayekagua ni wewe, umeshika simu, umeambiwa "hebu mtafute Google kwanza", na una dakika mbili.

Ukiwauliza watu wanaitambuaje tovuti ya kuchafua jina, wengi watakujibu: matusi, makosa ya tahajia, herufi kubwa zinazopiga kelele. Ushauri huo umepitwa na wakati. Leo akili mnemba inaandika sentensi safi kwa lugha yoyote bila kuchoka, na mtu mwenye nia ya kummaliza mwenzake hana sababu ya kutukana. Anaandika kwa upole, kwa masikitiko hata, kama mtu anayetimiza wajibu wake kwa jamii. Ukitegemea matusi ndiyo yakuonye, utawakamata wajinga tu.

Swali ninalolipendekeza ni jingine: ukurasa huu umeandikiwa nani? Gazeti, hata liwe la udaku, lina wasomaji wake. Linataka warudi kesho. Tovuti ya kuchafua jina haina msomaji. Inamsubiri mgeni wa aina moja tu: mtu aliyeandika jina fulani kwenye kisanduku cha kutafutia. Afisa ajira. Ofisa wa benki anayechunguza mteja. Mkwe mtarajiwa. Mgeni huyo atakaa nusu dakika, hatasoma hadi mwisho, hatarudi tena, na hatamwambia mhusika alichokiona. Atafunga faili tu na kumwita mwombaji mwingine. Ili kumfikia mgeni huyo ni lazima kwanza mashine ya Google iridhike, kwa hiyo ukurasa unaandikwa kwa ajili ya mashine, na anayeandika kwa ajili ya mashine huacha alama ambazo anayeandika kwa ajili ya watu haziachi.

Kisa cha Hazim Nada kinaonyesha jambo hili bila kificho. Alikuwa mfanyabiashara wa mafuta, na kampuni yake, Lord Energy, ilikuwa Uswisi. Zikaanza kutokea makala mtandaoni zikimhusisha yeye na kampuni yake na ufadhili wa ugaidi. Hazikuwa makala za kuvutia umma. Hakuna mtu wa kawaida angezitafuta. Lakini benki huzitafuta. Benki zikaanza kumkwepa, na mwaka 2019 kampuni ikafilisika. Baadaye nyaraka zilizodukuliwa kutoka Alp Services, kampuni ya upelelezi ya Geneva, zilionyesha kwamba kazi ile ilifanywa kwa makusudi na kwa malipo ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Jarida la The New Yorker lilisimulia mkasa wote mwaka 2023. Makala zile zingeweza kusomwa na watu thelathini tu duniani, na zingetosha, maadamu thelathini hao ndio wanaoidhinisha mikopo.

Sasa turudi kwenye alama. Ya kwanza imo kwenye jina lenyewe. Mwandishi wa kawaida akishamtaja mtu mara moja hurudi kwenye "yeye", "daktari huyo", "mfanyabiashara huyo". Ndivyo masikio yetu yanavyopenda. Kwenye ukurasa wa kuchafua, jina kamili linarudi aya baada ya aya, la kwanza hadi la ukoo, mara nyingi pamoja na kazi yake na mji anaoishi, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyoandika wanapotafuta. Limo kwenye anwani ya tovuti, limo kwenye kichwa cha habari, limo kwenye vichwa vidogo. Ukiibofya picha ukatazama jina la faili lake utalikuta hata humo, likiwa limeunganishwa na neno "tapeli" kwa vistari. Hakuna mpiga picha anayehifadhi kazi yake hivyo.

Kichwa cha habari nacho hupenda kuwa swali. Je, fulani ni mwizi? Ukweli kuhusu fulani ni upi? Swali lina faida mbili: linafanana na lile ambalo mgeni aliliandika, na likifika mahakamani mwandishi anaweza kusema hakudai chochote, aliuliza tu. Ukisoma chini yake utaona madai yamefungwa kwenye "inasemekana", "vyanzo vyetu", "wengi wanajiuliza". Wahenga walitwambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tovuti hizi zinaishi kwa methali hiyo. Wamiliki wake wanajua kwamba binadamu akikuta habari imesemwa mahali pawili, ubongo wake unamaliza kesi.

Alama nyingine ni majirani wa habari hiyo. Tovuti yenye makala moja tu inatia shaka mara moja, kwa hiyo mtu mjanja huizungushia makala za kujazia: hali ya hewa, mpira, faida za kunywa maji, sarafu za kidijitali. Jaribio langu ni rahisi. Iondoe kichwani ile makala inayomhusu mlengwa, kisha ujiulize zilizobaki zina sababu gani ya kuwapo. Je, kuna mwandishi anayefuatilia jambo wiki hii na wiki ijayo? Kuna habari iliyosahihishwa? Kuna hata moja ambayo mtu alitoka nyumbani kwenda kuiuliza? Mara nyingi utakuta kila kitu kiliwekwa ndani ya siku tatu, kimenakiliwa kutoka kwingine, na baada ya makala ya mlengwa kupanda, kimya.

Kuhusu picha za waandishi sitakaa sana. Kulikuwa na kipindi, kuanzia mwaka 2019 hivi, ambapo sura zilizotengenezwa na kompyuta zilikuwa na kasoro inayojulikana: macho ya kila sura yalikaa mahali pale pale kwenye picha. Ukiziweka picha za waandishi watano kando kwa kando unawaona wote wamepangwa kwa rula. Vifaa vya sasa havifanyi kosa hilo, na mtu anayetegemea mbinu hiyo leo atadanganywa. Bora umtafute mwandishi kwa jina: ameandika wapi kwingine, lini, juu ya nini, na kuna mtu yeyote aliyewahi kumjibu?

Panapostahili muda wako hasa ni kwenye tarehe. Kila mchafuzi ana tatizo moja asiloweza kulikwepa: kashfa ikionekana ya jana inanuka, ikionekana ya miaka sita inaheshimika. Kwa hiyo anairudisha nyuma. Programu za kuchapishia, WordPress ikiwamo, zinamruhusu mtu kuandika tarehe yoyote anayoitaka juu ya makala. Makala iliyowekwa leo mchana inaweza kusomeka kuwa ni ya Machi 2017, na mgeni wa nusu dakika hatakuwa na sababu ya kubisha.

Lakini tarehe ya juu ya makala ni moja tu kati ya nyingi, na mchafuzi hukumbuka kubadilisha ile inayoonekana. WordPress inaipa kila makala namba kwa mfuatano inapoundwa, na namba hiyo haijali tarehe uliyodanganya. Kwenye tovuti nyingi inapatikana ndani ya msimbo wa ukurasa, ule unaoonekana ukibonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na U kwenye kompyuta. Ukikuta makala tatu zinazodai kuandikwa mwaka 2016, 2018 na 2021, na namba zake ni 14, 15 na 16, umeshapata jibu: zilipikwa chungu kimoja, asubuhi moja. Picha nazo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye folda zenye mwaka na mwezi, na mara nyingi folda husema ukweli ambao makala imeuficha. Hata ramani ya tovuti, lile faili linaloandaliwa kwa ajili ya injini za utafutaji, huwa na tarehe ya mara ya mwisho kila ukurasa kuguswa.

Baada ya hapo nenda kwenye umri wa jina la tovuti. Shirika la ICANN, linalosimamia majina hayo duniani, lina ukurasa wa bure wa kuulizia. Zamani ungeona mpaka jina la mwenye tovuti, simu yake na barua pepe yake. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika Mei 2018, sehemu kubwa ya taarifa hizo imefichwa, na wengine hununua huduma ya kujificha zaidi. Kwa hiyo usimhukumu mtu kwa kuwa jina lake halionekani. Siku hizi karibu hakuna linaloonekana. Tarehe ya kusajiliwa, hata hivyo, bado iko wazi, na ndiyo iliyoiumbua KBSF. Tovuti inayojitangaza kuwa chombo cha habari cha miaka mingi huku jina lake lina wiki mbili haihitaji mjadala.

Kuna mtego hapa. Majina ya tovuti yanauzwa. Mtu anaweza kununua jina lililokuwa la klabu ya bustani tangu mwaka 2009, akaweka kashfa zake humo, na ukiuliza umri utaambiwa tovuti ni ya kuaminika, ina miaka zaidi ya kumi. Hapo ndipo inaposaidia Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo imekuwa ikipiga nakala za kurasa tangu 1996. Andika anwani, uone ilivyokuwa miaka iliyopita. Kama mpaka mwaka jana palikuwa na picha za maua na ghafla pana uchunguzi wa kina juu ya daktari mmoja, huna haja ya kuendelea. Kumbukumbu za vyeti vya usalama, vile vinavyoweka alama ya kufuli kwenye kivinjari, nazo ziko wazi kwa umma. Karibu kila cheti kinachotolewa huandikwa, pamoja na tarehe yake, kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulipekua, na mwenye tovuti hawezi kulifuta.

Mwaka 2015 mtafiti Lawrence Alexander alionyesha njia nyingine. Alichukua namba ya Google Analytics, ile inayomwezesha mwenye tovuti kuhesabu wageni, akaitafuta inapotokea kwingine. Akafichua mtandao wa tovuti za kuunga mkono Kremlin ambazo kwa macho hazikuwa na undugu wowote, kumbe zilikuwa zikihesabiwa kwenye akaunti moja. Namba za matangazo ya Google huumbua watu kwa njia hiyo hiyo. Tahadhari moja tu: watu hunakili muundo wa tovuti ya mwingine pamoja na namba yake bila kujua. Namba moja inayofanana ni sababu ya kuendelea kuchimba, haijawa ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani.

Mpaka hapa tumesema kana kwamba nyuma ya kila tovuti kuna adui wa mlengwa. Mara nyingi hakuna. Kuna mfanyabiashara tu.

Mwaka 2021 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi wa Kashmir Hill na Aaron Krolik juu ya tovuti zinazopokea kashfa kutoka kwa mtu yeyote dhidi ya mtu yeyote. Ulianza na mwanamke mmoja wa Toronto aliyebeba kinyongo cha miaka mingi na kuwaandikia watu wengi kwamba ni wezi na wanyanyasaji wa watoto, na hakuwaacha hata ndugu zao. Yeye alikuwa na chuki. Tovuti zilizompokea hazikuwa na chuki na yeyote. Krolik alijiandikia kashfa yeye mwenyewe kwenye tovuti chache kati ya hizo, akaangalia zinavyonakiliwa na nyingine. Na walipofuata fedha waligundua kwamba baadhi ya wanaouza huduma ya kuondoa kashfa wana uhusiano na wanaoziweka. Mkono mmoja unapaka matope, mwingine unauza sabuni.

Biashara hiyo ilikuwa na kaka yake mkubwa. Nchini Marekani picha ambazo polisi humpiga mtu anapokamatwa mara nyingi ni za umma, hata kama kesi itafutwa kesho yake. Tovuti zikazikusanya kwa maelfu, zikazipandisha kwenye Google, kisha zikadai malipo ya kuziondoa. Mwaka 2013 Google ilibadilisha algoridhimu yake ili kuzishusha, na kampuni kadhaa za malipo zikakataa kuzipitishia fedha. Mwaka 2018 mwanasheria mkuu wa California aliwafungulia watu wanne waliodaiwa kuwa wamiliki wa Mugshots.com mashtaka yakiwamo ya kujipatia fedha kwa vitisho.

Kwa hiyo alama iliyo wazi kuliko zote, na ambayo wengi huipita bila kuiona, ni tangazo lililo pembeni ya kashfa: "Je, unataka kuondolewa hapa?" Chombo cha habari kikikosea kinasahihisha bure. Kikiwa sahihi hakiondoi hata ukilipa. Palipo na bei ya kuondoa, ukweli wa habari haukuwahi kuwa jambo la msingi. Na kulipa ni kosa, nalisema bila kuzungukazunguka: anayelipa anajiandikisha kwenye orodha ya wanaolipa, na nakala itaibuka kwenye tovuti ya tatu.

Zipo pia tovuti za aina iliyo kinyume kabisa na hizi, na mimi naziogopa zaidi. Mwaka 1999 ilianzishwa martinlutherking.org. Jina zuri, la heshima, lenye herufi tatu za mwisho ambazo watu wengi huzihusisha na mashirika ya hisani. Ilijitambulisha kama uchunguzi wa kweli wa kihistoria wa maisha ya Martin Luther King, ikawa na vipeperushi vya wanafunzi kuchapa na kugawa shuleni. Mmiliki wake alikuwa Stormfront, mtandao wa wabaguzi wa rangi wa Don Black, aliyewahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan. Lengo lake lilikuwa kumshusha King mbele ya watoto waliopewa kazi ya nyumbani. Kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa matokeo ya juu kabisa ya utafutaji wa jina lake, na ilidumu mpaka 2018. Jina la Stormfront halikufichwa. Lilikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo. Walimu wengi waliitumia kufundishia, kwa sababu ilikuwa mtihani safi: mwanafunzi aliyeteremka mpaka chini alijua, aliyeishia juu alinakili.

Ukurasa unaojiita wasifu, kumbukumbu au "tovuti kuhusu" mtu fulani, kwa hiyo, hauna kinga kwa sababu ya upole wake. Kwanza nenda chini. Kisha toka nje ya tovuti kabisa, uwaulize wengine tovuti hiyo ni ya nani. Wakaguzi wa habari wanaofanya kazi hii kila siku hutumia muda mfupi sana ndani ya ukurasa wenyewe. Wanafungua vichupo vingine na kusoma yaliyoandikwa juu yake kabla ya kusoma yaliyoandikwa ndani yake.

Sasa kuna pingamizi ambalo msomaji makini analo tayari. Mfanyakazi aliyeona wizi kazini akifungua tovuti bila kutaja jina lake, tovuti yake itakuwa changa, itakuwa juu ya mtu mmoja au kampuni moja, na haitakuwa na ukurasa wa kueleza wahusika ni nani. Kwa vipimo vyangu vyote ataonekana mchafuzi. Ni kweli, na ndiyo maana vipimo hivi vitumike vikiwa pamoja na swali la pili: ukurasa huu umejiweka mahali ambapo unaweza kupingwa? Mtoa taarifa wa kweli huweka nyaraka nzima, siyo kipande kilichokatwa. Hutaja tarehe, kiasi, mahali, namba ya kesi, vitu ambavyo adui yake anaweza kuvikagua na kumuumbua. Mchafuzi hukwepa vitu hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Atakwambia mtu "ana historia", hatakwambia historia ya lini na wapi.

Mahakama nazo zimelazimika kulitenganisha jambo hili. Mtu mmoja huko Marekani, Christopher Lamparello, alisajili fallwell.com, jina la mhubiri Jerry Falwell likiwa na herufi moja ya ziada, akaitumia kupinga mafundisho yake kuhusu mashoga. Ukiangalia anwani tu utasema ni hila. Lakini ukurasa wa kwanza ulisema wazi kwamba hauhusiani na Falwell, na uliweka kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye tovuti halisi ya mhubiri. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ilimpa haki Lamparello. Mimi nalipenda lile la kiungo kuliko hoja zote za kisheria. Mchafuzi hawezi hata siku moja kukuelekeza kwa mlengwa ukamsikilize.

Wenye nguvu nao wamejifunza kulitumia neno hili. Siku hizi kila anayeandikwa vibaya "anachafuliwa". Mwaka 2023 muungano wa wanahabari wa Forbidden Stories ulifichua nyaraka za Eliminalia, kampuni ya Uhispania ya kusafisha majina. Miongoni mwa mbinu zake ilikuwa hii: wanachukua makala ya kweli ya mwandishi, wanainakili kwenye tovuti ya bandia wakiipa tarehe ya zamani zaidi, kisha wanalalamika Google kwamba mwandishi halisi ndiye aliyeiba. Walikuwa na mamia ya tovuti bandia za habari kwa ajili ya kazi hizi. Angalia kwamba kifaa ni kile kile cha mchafuzi: tarehe iliyorudishwa nyuma, tovuti isiyo na msomaji, mashine kama hadhira. Malalamiko ya aina hiyo yanayopelekwa Google mengi huhifadhiwa kwenye hazina ya wazi inayoitwa Lumen, na ukiona tovuti ya habari usiyoijua inadai kwamba gazeti kubwa limeinakili, peleleza kwanza iliyodai.

Kama mlengwa ni wewe au mtu wako, sheria itategemea ulipo. Marekani kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinamkinga anayehifadhi maandishi ya wengine, ndiyo maana tovuti nyingi za kashfa hukimbilia huko. Ulaya, tangu hukumu ya Mei 2014, unaweza kuitaka injini ya utafutaji iondoe kiungo hata kama ukurasa wenyewe unabaki. Lakini mambo ya mwanzo ni yale yale popote. Hifadhi nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine kabla hujagombana na mtu, kwa sababu ukianza kugombana ukurasa utafutwa na ushahidi utapotea. Usisambaze kiungo ukiwa unakanusha. Kila unapokiweka mahali unaiambia mashine kwamba kina umuhimu. Google ina fomu maalumu kwa kurasa zinazodai malipo ya kuondoa, na tangu mabadiliko ya mwaka 2021, mtu ambaye ombi lake limekubaliwa kwa tovuti moja ya aina hiyo hupewa ulinzi dhidi ya nyingine zinazofanana nayo pindi jina lake linapotafutwa.

Kinachonipa wasiwasi sasa ni kwamba alama zote nilizozitaja ziko kwenye tovuti yenyewe: anwani, tarehe, majirani wa habari, maandishi madogo ya chini. Watu wengi hawafiki tena kwenye ukurasa. Wanaiuliza programu ya akili mnemba, nayo inasoma kwa niaba yao na kuwaletea aya moja safi. Machi 2025 kampuni ya NewsGuard ilizijaribu programu kumi za aina hiyo kwa madai ya uongo yaliyosambazwa na Pravda, mtandao wa tovuti za propaganda za Kirusi ambazo binadamu karibu hawazisomi. Theluthi ya majibu yaliyarudia madai hayo kana kwamba ni kweli. Wachafuzi hawakulazimika kubadilisha chochote. Tangu mwanzo walikuwa wanaiandikia mashine, na sasa mashine imeanza kusoma kwa sauti. Ukiiuliza programu kuhusu mtu na ikakujibu kwamba "amewahi kuhusishwa na utapeli", idai kiungo. Kisha kifungue mwenyewe, na kabla ya kusoma neno lolote, ushuke hadi chini.